Kumlea kiongozi wa Gredi ya Saba: anza na mpira mmoja

Kwanza chana orodha ya wapiga kelele. Kila aliyesoma Kenya anaijua. Mwalimu akitoka, kiranja anabaki na kalamu, majina yanaandikwa, na jina la rafiki yake linafutwa kabla mwalimu hajarudi. Mtoto wa miaka 13 akipewa kazi hiyo anafunzwa ushushushu na upendeleo. Na kama majina yale huishia kwenye kiboko, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza, awe anayechapa ni mwalimu au kiranja.

Mimi hufundisha Kilimo katika sekondari msingi, yaani Gredi ya Saba hadi ya Tisa, hapa Nakuru, upande wa Kaptembwa, na ni mlezi wa klabu. Kwa hivyo mifano yangu ni ya ndoo, vumbi na mpira. Ila ukiwa Kondele kule Kisumu, au Kakamega, shida ni zile zile.

Tafuta kazi ambayo isipofanywa, shule nzima itajua kabla ya chakula cha mchana. Kujaza mitungi ya kunawia mikono kando ya choo. Kumwagilia sukuma wiki Januari na Februari, jua linapotuchoma huku. Kutoa mpira wakati wa mapumziko na kuurudisha stoo. Kuwasomea hadithi watoto wa Gredi ya Pili. Hii ya mwisho usiidharau. Tangu 2023, sekondari msingi imewekwa ndani ya shule za msingi, na wazazi wengi hulalamika kwamba mtoto hajahisi ameenda sekondari. Mimi naona faida hapo. Mtoto wa miaka 14 ambaye zamani angekuwa Kidato cha Kwanza, akitumwatumwa na wakubwa wa bweni, leo ndiye kaka au dada mkubwa wa shule nzima. Mtumie hivyo.

Kila kazi ipe kikosi cha watoto sita hadi wanane, wavulana na wasichana pamoja. Maskauti walilijua hili mapema. Baden-Powell, mwanzilishi wao, yule aliyezikwa Nyeri, alipofanya kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwagawa wavulana katika vikosi vinne na kila kikosi kikaongozwa na mvulana mwenzao. Kundi likizidi hapo, wawili watafanya kazi na waliobaki watakuwa watazamaji.

Kikosi kiwe na kinara, naibu na mwenye daftari. Kila wiki mbili naibu anapanda kuwa kinara, na kinara anarudi kubeba ndoo kama wengine. Kurudi kubeba ndoo ndiko kugumu, na ndiko kunakofundisha. Usiruhusu kura ya kumchagua kinara mwanzoni. Watamchagua yule anayecheza soka vizuri au mwenye pesa ya mandazi. Fuata zamu hadi kila mmoja aguse usukani, kisha muhula unaofuata wapigie kura mtu waliyemwona akifanya kazi.

Sasa sehemu yako wewe mtu mzima, ambayo ni kunyamaza. Hapa ndipo walimu wengi hushindwa, maana tumezoea kusema.

Nitakupa mfano. Mpira wetu ulitobolewa na miiba ya ua wa kayaba, na zamu ya kinara ilikuwa ya binti mmoja wa Gredi ya Nane, mtoto mpole ambaye darasani humsikii. Fundi wa viatu alitaka shilingi 50. Mvulana mmoja akasema kila mtu alete kumi kumi. Mwingine akainama, na kila mtu alijua kwa nini. Binti akauliza, "Na asiye nayo?" Kimya. Nilikuwa nimekaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, nina hiyo hamsini mfukoni, na macho yote yakanigeukia. Nikaangalia daftari langu. Baada ya muda, yule aliyeinama akasema kwao mtaani kuna mtu hununua chupa za plastiki kwa kilo. Wakagawana njia za kuokota. Binti akaandika nani atapita wapi, akaongeza sheria yake mwenyewe kwamba hakuna kuingia kwenye mitaro. Mpira ulishonwa wiki hiyo hiyo. Ningetoa hamsini, ungeshonwa siku hiyo hiyo, na yule mvulana angebaki kuwa mtoto asiye na kumi.

Kunyamaza hakumaanishi kutoroka. Kaa pale. Ingilia mambo matatu tu: usalama, matusi, na pesa zisizoandikwa. Mengine yaache yachelewe.

Kikao kiwe Ijumaa, dakika kumi, wakiwa wamesimama au wamekaa kwa mduara. Kinara anauliza: ni nini kimefanyika, ni nini kimekwama, nani atafanya nini na kufikia siku gani. Mwenye daftari anaandika jina na siku, basi. Aliye mdogo zaidi au mkimya zaidi aongee kwanza. Ukianza na wenye midomo, wengine wataitikia tu. Ikiwa kinara ni mwoga, mpe siku moja kabla aandike maswali kwenye kikaratasi, na umwache akisome hivyo hivyo.

Kuhusu lugha, nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi. Kikao kifanyike kwa lugha wanayogombania mpira nayo. Kwetu ni Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Kwingine huenda ni Kijaluo au Kiluhya. Nimeona watoto hodari shambani wakigeuka mabubu mara tu wanapolazimishwa Kiingereza. Kiingereza kina vipindi vyake kwenye ratiba.

Watakapokosana, na watakosana, waite wawili wale pamoja na kinara. Kila mmoja aeleze alichosema mwenzake kabla ya kujitetea. Mara nyingi ugomvi huisha hapo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesikiliza.

Mzazi atakuja kukuuliza kwa nini mtoto anashika ndoo badala ya kitabu. Usimkasirikie, ana hofu ya mtihani. Mwambie mama huyo, au baba, kwamba mtaala wenyewe unataja umilisi wa kimsingi saba, ukiwemo mawasiliano na ushirikiano, kuwaza kwa kina na kutatua matatizo, na uraia. Kisha mwonyeshe daftari la kikosi lenye mwandiko wa mtoto wake. Mwombe na yeye ampe mtoto kazi moja nyumbani aisimamie mwenyewe, kwa mfano bajeti ya mboga za Jumamosi, bila kumsimamia begani.

Panga makabidhiano mapema. Gredi ya Tisa wanafanya KJSEA, mtihani wao wa kumaliza sekondari msingi, muhula wa tatu, kwa hivyo mwisho wa muhula wa pili wawe wameshawakabidhi wa Gredi ya Nane daftari, ufunguo wa stoo, pampu na mpira. Vihesabiwe mbele ya wote wawili, anayetoa na anayepokea, na kila mmoja atie sahihi. Pampu ikikosekana, waitafute wao.