Namba ya ajabu kutoka kwa fimwea isiangushe mashine nzima

Kwenye kerneli ya Linux, draiva ya Wi-Fi ikipokea sta_id (namba ya kituo kilichounganishwa) kutoka kwa fimwea (programu iliyo ndani ya kifaa chenyewe), usiitumie papo hapo kama faharasa ya safu. Biti 8 hubeba hadi 255. Safu yako ikiwa na nafasi 16, thamani 200 itagusa kumbukumbu isiyo yako. Linganisha na ARRAY_SIZE() (idadi ya nafasi za safu) kwanza, tena kwa >= wala si >, maana 16 yenyewe tayari iko nje.

Urefu wa fremu (pakiti ya data) unaotajwa na fimwea ndio msumbufu zaidi. Upitishe kwenye le16_to_cpu(), inayopanga baiti kwa mpangilio wa prosesa, kabla ya kuulinganisha na skb->len, yaani urefu wa data iliyomo kwenye bafa, la sivyo kwenye prosesa za big-endian (zinazotanguliza baiti ya thamani kubwa) 0x0040 itasomeka 0x4000. Deskripta (rekodi yenye maelezo ya fremu) ikiwa kwenye kumbukumbu ya DMA (ambayo kifaa huiandika moja kwa moja), isome mara moja kwa READ_ONCE(), kisha kagua na utumie nakala hiyo hiyo. Kifaa kinaweza kuibadilisha katikati.

Thamani ikiwa mbovu, tupa fremu kwa dev_kfree_skb_any() (wengi husahau, kumbukumbu ikavuja), andika namba yenyewe kwa dev_warn_ratelimited(), endelea na fremu inayofuata. BUG_ON(), inayoangusha kerneli, haina kazi hapa, na hata WARN_ON(), ya kutoa onyo tu, huzima mashine iliyowashwa panic_on_warn (mpangilio unaofanya onyo liangushe kerneli).