Ukiona "asilimia 80 ya wachezaji wanasema", uliza kwanza ni wachezaji gani

Jamani wapenda gemu, mtu akiweka kura kwenye grupu la gemu fulani, "hii apdeti mpya mbaya au nzuri", wakajibu watu 200, kesho utasikia wachezaji wengi wameikataa. Sio kweli, waliojibu ni wale waliokasirika wakapata muda wa kubonyeza, wale wanaoenjoi wako ndani wanacheza zao, na walioacha gemu zamani hawapo hata kwenye grupu.

Na msidhani watu wakiwa wengi ndo tatizo limeisha. Mwaka 1936 kule Marekani jarida la Literary Digest lilipata majibu zaidi ya milioni 2 likatabiri Landon anakuwa rais, Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48, maana waliotumiwa karatasi za kura ya maoni wengi walikuwa watu wenye simu na magari, yaani wenye uwezo enzi hizo, na kati yao ni wachache tu waliojibu.

Kingine kinachoniuma ni hizi win reti, yaani asilimia ya mechi unazoshinda. Mtu kacheza mechi 10 na karakta mmoja kashinda 7, anasema karakta ana nguvu mno apunguzwe. Rusha sarafu mara 10 uone, kupata vichwa 7 au zaidi kunatokea kama mara 1 kwa kila majaribio 6, na sarafu haijabadilika chochote. Ngoja ufikishe mechi mia kadhaa, tena ucheze na wa levo yako, hapo sasa tuongee.