Kumalizia filamu ukiwa Lamu au Malindi: nani umpe kazi gani

Kosa linalowagharimu wengi ni kutafuta studio moja ya kufanya kila kitu, kisha wakiikosa wanafunga mizigo yote kurudi nayo Nairobi. Igawanye kazi. Kunakili faili, kuandika mazungumzo, mkato wa kwanza na manukuu hufanyika vizuri papa hapa. Rangi ya mwisho, mchanganyiko wa sauti wa sinema na faili za DCP, zile zinazoonyeshwa kwenye kumbi za sinema, zipeleke Mombasa au Nairobi, kwenye chumba kilichojengwa kwa kazi hiyo. Ukishajua unatafuta nini, watu wapo: vijana wanaohariri matangazo ya hoteli, mafundi wa sauti waliopitia redio, wapiga video za harusi. Huyu wa harusi asidharauliwe. Amezoea kamera tatu, saa kumi za picha, na familia nzima inayopiga simu kuuliza kazi imefika wapi.

Kabla ya kumpigia mtu yeyote, piga hesabu ya data. Kamera inayorekodi kwa Mbps 100, yaani megabiti 100 kwa sekunde, hula GB 45 kwa saa. Ya Mbps 400 hula GB 180. Kamera mbili za Mbps 100 zikipiga saa nne kila moja, jioni una GB 360. Kwa intaneti inayopandisha Mbps 10, ambayo kwa saa moja hupeleka GB 4.5 tu, mzigo huo ungechukua saa 80, na kesho yake umeshaongeza mwingine. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumtafuta ni wa kutengeneza nakala nyepesi, zile za proksi. Kwa Mbps 8, saa zile nane za picha hushuka hadi kama GB 29, na zinapanda zote usiku mmoja wakati mhariri wako wa mbali amelala. Muulize kasi ya kupandisha, maana watu wengi hutaja ya kushusha, kisha mwambie aipime mbele yako saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni.

Jaribio la pili ni la kunakili. Mpe kadi ya kamera iliyojaa ya GB 64, uangalie saa. Kadi nzuri kwa kebo nzuri humaliza chini ya robo saa. Ikifika nusu saa, karibu kila mara kosa ni kebo: nyingi zinazouzwa kwa kuchajia simu zina kichwa kipya lakini ndani ni USB 2.0, na hapo hupati zaidi ya MB 35 au 40 kwa sekunde. Mtu anayejua atabadilisha kebo bila kuambiwa. Asiyejua atakwambia kompyuta imechoka.

Angalia pia ananakili vipi. Kuburuta folda kwa kipanya hakutoshi, kwa sababu faili inaweza kufika na ukubwa sahihi huku ndani imeharibika. Anayeaminika hutumia programu inayolinganisha alama za uhakiki za faili asili na za nakala, kama MD5 au xxHash, na anakupa ripoti yake. Kadi isifutwe mpaka nakala tatu ziwepo kwenye diski tatu tofauti. Na stima? Diski iliyopangwa kwa exFAT, mfumo wa faili wa diski nyingi za kubebeka, haina kumbukumbu ya kujirekebisha. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, unaweza kupoteza orodha nzima ya faili, si ile moja tu. Kompyuta na diski pia zichomekwe kwenye UPS, ile betri ya akiba. Mara nyingi utakuta diski imechomekwa ukutani. Itoe kwenye kompyuta taratibu, uizime ndipo uihamishie kwenye UPS, kisha angalia kama UPS bado inapumua.

Hewa ya chumvi ni adui wa polepole. Chungulia matundu ya USB ya kisoma kadi: yakiwa na ukungu wa kijani au madoa ya kutu, tumia kisoma kadi chako mwenyewe. Mchanga wa ufuo wa Shela, Lamu, ni laini na huingia hata kwenye kadi iliyofungwa mfukoni. Kadi zikae kwenye kisanduku chenye mpira wa kuzuia maji, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

Kwa sauti, ingia chumbani upige kofi moja. Nyumba kuukuu za mji wa Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe; zinazuia kelele za nje, lakini lipu yake ngumu hurudisha mwangwi mkali. Magodoro na mazulia mazito hutosha kwa kurekodi maelezo. Kuchanganya sauti ya mwisho humo usithubutu. Mwulize fundi anakabidhi kwa kiwango gani: televisheni za Ulaya hutaka −23 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa kanuni ya EBU R 128, wakati YouTube hupunguza sauti ya video inayozidi takriban −14. Akijibu kwamba anaongeza mpaka isikike vizuri, mpe kazi ya klipu za mitandaoni tu.

Kuna jambo moja ambalo fundi wa hapa humzidi wa mbali. Mazungumzo yaliyorekodiwa adhana ikiendelea hayakatiki ovyo: ukiunganisha sentensi mbili, adhana inaruka, na mtazamaji wa pwani atashtuka kabla hajajua kilichomshtua. Mwenyeji ataisikia mara moja, na atakuomba sekunde 60 za sauti ya mahali patupu kila mnapohama. Manukuu nayo ni hivyo hivyo. Kiamu cha wazee, au Kigiriama cha vijiji vya nyuma ya Malindi, apewe aliyekulia nacho. Mjaribu kwa dakika mbili za mazungumzo ya haraka, kisha mpe mzawa mwingine akague.

Rangi haihitaji maneno mengi. Kama monita haijasawazishwa kwa Rec. 709, kiwango cha rangi cha televisheni ya HD, na dirisha linatazama bahari, hapo fanya mkato tu.

Kubaliana na mhariri kabla ya kushuti, si baada. Fremu ziwe 25 kwa sekunde kwenye kamera zote, droni ikiwemo. Droni nyingi huachwa kwenye 30, na kwenye taimulaini ya 25 picha inagugumia. Umeme wetu ni wa Hz 50, hivyo shata ya 1/50 au 1/100 huepusha taa za bei nafuu kumetameta. Kumetameta huko kukishaingia kwenye picha, kuondoa kasoro hiyo ni ghali.

Tarehe zipange kwa kalenda ya mji. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi hugeuka, na wakati wa Maulidi mji wa Lamu hufurika wageni, kwa hiyo chumba na mhariri viwekwe mapema. Diski zikisafiri, nakala mbili zisipande chombo kimoja: moja iende na mtu kwa ndege ya Manda, mkononi, nyingine ivuke Mokowe ishike barabara ya Witu na Garsen hadi Malindi. Ya tatu ibaki mpaka simu ipigwe kwamba zote mbili zimefika na zinafunguka.

Andikianeni. Mkataba utaje faili ya mradi, fonti, muziki na leseni zake, idadi ya marekebisho, na lini nakala zake zitafutwa. Lipa kwa mafungu, na fungu la mwisho lisitoke mpaka mradi umefunguliwa kwenye kompyuta nyingine bila klipu hata moja kuonyesha haipatikani.