Jaribu Linux Mint Xfce kwa kazi zako kabla ya kuisimika

Steshenari nyingi hapa Mtwara zina laptopi za RAM GB 4 ambazo Windows 11 inazikataa, mara nyingi kwa kukosa TPM 2.0 (chipu ya usalama). Windows 10 nayo ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hizo bado ni nzima, msiziuze kwa bei ya chuma chakavu. Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, ikiwa na Xfce (eneokazi jepesi) inataka RAM GB 2 tu ili iwake, ila kwa kazi za kutwa GB 4 ndiyo raha yake.

1. Pakua faili la ISO (lenye mfumo mzima) kutoka tovuti ya Linux Mint yenyewe. Linakaribia GB 3, kwa hiyo tafuta bando la usiku. Prosesa iwe ya biti 64.

2. Chukua flashi ya GB 8, hamisha vilivyomo, kisha andika ISO hiyo kwenye flashi kwa Rufus, programu ya Windows ya kazi hiyo. Rufus inafuta kila kitu kwenye flashi.

3. Zima laptopi, chomeka flashi, washa huku ukigonga F12 (HP nyingi ni F9), uchague USB. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, mradi usibonyeze Install Linux Mint. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi, hivyo usiipimie kasi hapo.

4. Hapa ndipo pa kutulia. Watu huangalia rangi na menyu, wakaridhika. Fanya kazi yako halisi! Unga intaneti kwa simu kupitia waya wa USB. Chomeka printa uchapishe kurasa kadhaa, na skana kitambulisho, kwa maana printa nyingine huchapa vizuri lakini skana yake hugoma. Kisha fungua faili la Word la mteja, lile lenye majedwali, ndani ya LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint. Mint huweka Liberation Serif badala ya Times New Roman, na upana wa herufi ni uleule, kwa hiyo mistari haihami sana. Fonti nyingine zinaweza kuvuruga kurasa. Barua za CV na fomu za chama cha msingi zipitie moja moja. Funga kifuniko, ufungue tena, uone kama mashine inaamka na Wi-Fi inarudi.

Chochote ulichohifadhi humo hupotea ukizima, au umeme ukikatika na betri imekufa. Weka kwenye flashi nyingine.

5. Yote yakikubali, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, chaji betri ijae, ndipo usimike. Kama kuna programu moja ya Windows usiyoweza kuiacha, chagua kuziweka zote mbili pamoja.

Kwa wanaohudumia wakulima, majaribio fanyeni wakati wowote, lakini kusimika kusubiri minada ya korosho iishe.