Kukarabati Chumba cha Chini Katika Nyumba ya Mteremkoni

Katika miteremko ya mji wa Kigoma, kama ile inayopanda kutoka stesheni ya reli kuelekea Mwanga, zipo nyumba zilizojengwa kwa kukata ubavu wa kilima, hivyo chumba cha chini huwa na ukuta wa nyuma unaozuia udongo na ukuta wa mbele ulio wazi. Chumba hicho huanza kama stoo, kisha familia ikikua mwenye nyumba hutamani kukigeuza kuwa chumba cha kulala. Anayekusudia kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake ninamsihi asinunue rangi wala marumaru kabla hajajua ukuta wa nyuma unabeba nini na maji yanaufikia kwa njia gani.

Hatua ya kwanza ni kubandua lipu yote ya ukuta huo. Shangazi yangu alikwisha kuupiga lipu ukuta wake mara mbili, na kila msimu wa mvua ulipofika iliachia. Tulipoibandua tulikuta ufa wa mlalo, usawa wa kiuno, ulioweza kupitisha ncha ya kisu, na matofali ya kuchoma yaliyokuwa chini yake yalimeguka kwa kidole kama biskuti iliyolowa.

Mwelekeo wa ufa hueleza chanzo chake. Ufa mwembamba kama unywele, uliotapakaa ovyo, mara nyingi ni wa lipu tu. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, hasa karibu na kona au dirisha, huashiria kwamba msingi unatitia upande mmoja. Ufa wa mlalo katikati ya ukuta ni wa kuogopwa zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba udongo unausukuma ukuta kuelekea ndani. Shusha timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, kutoka juu upime kama ukuta umefanya tumbo. Kisha bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji, andika tarehe pembeni yake, na ukiangalie kila wiki. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea, na kuziba ufa wakati huo ni kupoteza saruji.

Kuhusu unyevu, lipo jaribio rahisi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe kingo zote kwa gundi ya utepe, ukiache kwa siku 2. Matone yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa hewa na tatizo ni madirisha. Yakiwa kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka kwenye udongo, na hapo dawa iko nje ya nyumba. Nguvu ya maji hayo si ndogo: yakituama nyuma ya ukuta kwa kina cha mita 2, kila mita moja ya urefu wa ukuta husukumwa na nguvu inayokaribia uzito wa tani 2, mbali na udongo wenyewe. Ndiyo maana sikubaliani na mafundi wanaopaka dawa ya kuzuia maji upande wa ndani na kuondoka.

Anza na paa: weka gata, na maji yake yaelekezwe mbali na ukuta wa nyuma, ulio upande wa juu wa mteremko. Kisha chimba mfereji nyuma ya ukuta, kipande kwa kipande wakati wa kiangazi, bila kushuka chini ya kitako cha msingi, yaani sehemu yake ya chini kabisa inayokaa juu ya udongo. Laza humo bomba la plastiki lenye matundu, lenye mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, ulifunike kwa kokoto safi, na mdomo wake utokee upande wa chini wa kiwanja bila kumwagia jirani.

Wengi hutaka pia kushusha sakafu ili kupata kimo. Ukichimba ndani ukapita kitako cha msingi, udongo unaoubeba hukosa egemeo na ukuta huweza kushuka ghafla ukiwa ndani. Kuongeza kina cha msingi hufanywa kwa vipande vya takriban mita 1 visivyopakana, kila kimoja kikimwagwa zege na kukomaa kabla ya kugusa cha jirani, na hiyo si kazi ya kujifunzia. Vivyo hivyo usivunje ukuta wa katikati kabla ya kujua kama jamvi la juu, yaani sakafu ya zege ya vyumba vya juu, limekaa juu yake. Ukuta wa aina hiyo hauondolewi mpaka jeki au mirunda imara isimamishwe pande zote mbili na boriti ya kuupokea mzigo iwe imebuniwa na mhandisi.

Kwa hiyo ufa wa mlalo, ukuta wenye tumbo, au mpango wa kugusa msingi umpeleke mwenye nyumba kwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kibali kiombwe manispaa kabla ya nyundo ya kwanza. Kigoma imo katika Bonde la Ufa, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea katika Ziwa Tanganyika. Ukuta uliokwisha kulegea haustahimili mtikisiko kama huo.

Mfereji ukikamilika, uache ukuta wa ndani bila lipu msimu mmoja mzima wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Sisi tulisubiri hivyo, na kioo cha mwisho tulichobandika kilipokutwa kizima mwezi Mei ndipo shangazi aliporuhusu mchanga wa lipu uletwe.