Tulivyopunguza moshi mtaani kwetu

Anza na daftari, si mkutano. Mimi niliandika kwa wiki 2: wapi wanachoma taka, saa ngapi, upepo unaelekea wapi. Hapa Mbagala moshi mbaya ulikuwa wa saa 12 jioni, mifuko ya nailoni na majani mabichi ya mwembe, unatambaa chini chini hadi nguo kwenye kamba zinanuka.

Mpelekee mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aitishe mkutano. Usitaje majina ya watu. Mkianza na faini, watachoma usiku.

Ulizeni kwanza kwa nini wanachoma. Kwetu gari la taka lilikuwa halipiti. Tukakubaliana na vijana wa mkokoteni, kila kaya ichangie, majani yafukiwe shimoni yawe mbolea. Mama lishe wanaopikia mkaa hatukuwagombeza (chai yao naitegemea). Walicheza mchezo wa kuchangishana pesa, kila zamu mtungi mmoja wa gesi.

Mkipata kifaa cha kupima chembe za PM2.5 (zile ndogo sana za moshi na vumbi hewani), kifungeni mbali na jiko. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo.

Wa chapati bado yuko na mkaa. Tunaendelea naye.