Jinsi ya kuomba kuinua boti iliyozama na kuirudisha kazini, kwa sisi wa Kigoma

Hii naiandikia mtu ambae boti kashaiona iko chini ya maji ya Ziwa Tanganyika, kashaipenda, na kichwani kaanza kupiga hesabu ya mashine na rangi. Subiri kwanza. Kuitoa majini sio kazi, ukiwa na mapipa na vijana wa Katonga mnaanza asubuhi na mchana mnakula ugali. Kazi ni karatasi. Karatasi zikikukuta boti iko juu tayari, unalipa mlinzi, unalipa turubai, na mbao zinapasuka huku we umekaa kwenye benchi la ofisi unasubiri mtu wa mhuri ambae yuko semina.

Yangu ni boti ya mbao za mninga, zile zilizokua zinapakia abiria na magunia Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini. Ilizama usiku ikiwa imefungwa, upepo mkali, hakufa mtu, na mashine yake ya farasi arobaini ilibaki tezini, yaani kule nyuma. Nataja kwamba hakufa mtu kwa sababu kama alikufa mtu njia inakua nyingine kabisa, unaanza polisi na wanaweza wasitake chombo kiguswe mpaka wamalize mambo yao.

Sasa kule kijiweni utaambiwa chombo kikishazama ni cha ziwa, alieokota kaokota. Sio kweli. Sheria ya Usafiri Majini ya mwaka 2003 ina sehemu yake nzima ya mabaki ya vyombo na uokoaji, na msingi wake ni kwamba kuzama hakumvui mtu umiliki. Boti ina mwenyewe hata kama samaki wanazaliana ndani. Kwahiyo swali la kwanza utakaloulizwa kila mlango ni mwenyewe nani, na hapo ndo nilipoungua mimi.

Kwanza kabisa: mwenyewe

Kama mwenye boti yuko hai na mnaelewana, ruka hii sehemu. Andikishaneni mkataba wa mauziano kwa wakili, ambatanisha namba za NIDA za wote wawili na leseni yake ya zamani, basi. Kama leseni ilizama na boti, achukue ripoti ya upotevu polisi. Na kama hiyo leseni imeandikwa SUMATRA usishtuke, ndo mamlaka iliyokuepo kabla mambo ya majini hayajaenda TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, mwaka 2018. Kuna mtu kwa kujiamini kabisa atakwambia SUMATRA saivi ni LATRA, wale wa usafiri wa ardhini, kwahiyo nenda LATRA, ukifika utakuta foleni ya watu wa bajaji na mabasi, wanakuangalia tu.

Kama mwenye boti kafariki, hapa sasa kaa chini usome taratibu.

Mimi niliuziwa na kijana mkubwa wa marehemu. Mkataba upo, mashahidi wapo, mwenyekiti wa mtaa kagonga mhuri tena kwa nguvu mpaka wino umepita upande wa pili. Nikaupeleka kwenye ofisi moja hapa mjini, nikamkuta mama mmoja wa makamo, miwani puani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huyu aliekuuzia ni nani kwa marehemu?"

"Mtoto wake wa kwanza, mama."

"Mtoto sio msimamizi wa mirathi. Kalete Fomu Namba 4."

Akarudisha karatasi zangu dirishani, akaita mwingine. Na kusema ukweli alikua sahihi kuliko wote niliowahi kukutana nao baada ya hapo, shida ni kwamba wale walionigongea mihuri kabla yake walikula hela ya barua na hakuna hata mmoja aliefungua mdomo.

Fomu Namba 4 ndo barua ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi, inatoka Mahakama ya Mwanzo. Hauombi wewe mnunuzi, wanaomba wafiwa, ila utawasukuma wewe na nauli utalipa wewe, jiandae kisaikolojia. Inaenda hivi: ukoo unakaa kikao unamteua mtu, muhtasari unaandikwa na wote wanasaini. Aliechaguliwa anaenda mahakamani na huo muhtasari pamoja na cheti cha kifo, anajaza Fomu Namba 1, mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, muda wa tangazo ukipita bila maneno anateuliwa. Cheti cha kifo ni kile cha RITA, sio kile kikaratasi cha hospitali na wala sio barua ya mtendaji.

Kwenye tangazo ndo kuna moto. Tangazo la boti yangu lilipobandikwa akatokea shangazi mtu kutoka Uvinza, anasema hiyo boti mdogo wake, yule marehemu, aliinunua kwa hela ya chumvi ya yeye shangazi. Mpaka siku hiyo hakuna mtu kwenye ile familia alikua anamtaja shangazi. Tukaenda kukaa nae, mkeka chini ya mwembe, kidumu cha mawese tumebeba na sukari, akaongea tangu boti inachongwa mpaka inazama, akalia, akataja kiasi chake, kikapunguzwa, kikaandikwa kwenye muhtasari mpya na dole gumba lake. Ndo pingamizi likaondolewa.

Kwahiyo ushauri wangu: kabla ya kutoa hata shilingi ya mapipa, uliza ukoo mzima uko wapi, hasa mashangazi, na yule mke mwingine aliekua Burundi. Hela ya boti usimpe kijana mkononi, mpe msimamizi mbele ya wakili Fomu Namba 4 ikiwa mezani. Msimamizi nae anatakiwa apeleke mahakamani Fomu Namba 5 ya orodha ya mali na Namba 6 ya hesabu za mgawanyo, hakikisha boti imo kwenye orodha, la sivyo umenunua kitu ambacho mahakama haikijui.

Na kama mwenyewe hajulikani kabisa, usiinue kimyakimya. Katoe taarifa TASAC na polisi wa majini, halafu subiri maelekezo. Ukiinua bila taarifa, siku anatokea mwenyewe we sio muokoaji tena, ni mwizi wa boti.

Barua ya kuomba

Anza na serikali ya mtaa au kijiji, pita kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufukwe, wa mwalo husika (pale boti zinapotia nanga), kisha barua yenyewe iende TASAC, nakala polisi. Ikiwa boti imelala eneo la bandari, TPA, watu wa bandari, wanahusika maana pale meli zinapita. Ikiwa ni upande wa Gombe, maji yaliyo mbele ya hifadhi yana wenyewe, TANAPA, na hao hawataki kuona hata pipa lako bila karatasi.

Fomu za kawaida mnazijua. Kinachorudisha barua za watu ni barua yenyewe kua ya mistari minne, "naomba kibali cha kutoa boti yangu". Andika iko wapi (chukua pointi kwa simu ukiwa juu yake), kina cha maji, urefu wa boti, aina ya mbao, ilizama lini, ndani kuna nini, hasa mafuta na betri, utaiinuaje, nani wanazama, na utaivutia ufukwe gani. Kina kipime siku hiyohiyo kwa kamba yenye jiwe, usiandike cha kusimuliwa. Maji yamepanda sana miaka hii, pale watu walipokua wanasimama kiunoni saivi ni shingo kama sio zaidi. Na ziwa letu halina ufukwe mrefu wa kudanganya, linashuka ghafla mpaka kufika mita 1,470 kule kwenye shimo lake, sasa kama boti ilishateleza kwenye huo mteremko achana nayo, hakuna barua itakayoileta.

Peleka nakala mbili, moja igongwe "imepokelewa" na tarehe, ubaki nayo. Barua yangu iliwahi kupotea kwenye faili ambalo lilikua mezani, tunaliona wote, ila alielishika hakuepo.

Malipo ni kwa kontrol namba. Ile namba ina tarehe ya mwisho wa kutumika, watu wengi hawaisomi, wanakuja kulipa imeshakufa na inabidi iombwe upya, na siku ya kuiomba upya ndo mtandao unakua chini. Ukipewa, lipa hapohapo mlangoni kwa simu, halafu rudi ndani waone imesoma.

Kuinua

Usiende kipindi cha kusi, kile cha kiangazi upepo unatoka kusini na mawimbi hayaishi. Nenda alfajiri ziwa likiwa limelala.

Mafuta kwanza. Mpiga mbizi ashuke afunge tanki na kuziba tundu lake la hewa, tanki litoke peke yake kabla hujagusa kitu kingine, betri nayo itoke. Mafuta yakivuja watu wanateka maji hapo hapo, na kwenye barua uliahidi.

Pipa tupu la lita 200 likizamishwa linavuta juu kama kilo 180 ukitoa uzito wake. Mapipa yafunge chini, mikanda ipite chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, sio kufunga kwenye kingo za juu, maana mbao zilizokaa majini misumari yake imeshachoka, utaishia kuinua kingo tupu na boti imebaki. Yangu ilikua imejaa mchanga, vijana wakaanza kuutoa kwa ndoo wakiwa chini, ndo boti ikawa nyepesi. Na isitoke nje ya maji ikiwa imejaa maji, kila mita moja ya ujazo ni tani nzima. Iinueni kidogo, ivuteni mpaka maji ya magotini, hapo ndo mnakumba.

Ukikata tamaa kumbuka meli ya Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe hapahapa mwaka 1916, injini wakazisiliba grisi, Waingereza wakaiinua 1924 na mwaka 1927 ikaanza kazi. Ile grisi ndo iliokoa injini.

Wewe grisi huna, kwahiyo mashine fanya hivi. Ikiwa bado majini haiozi kwa haraka, inaanza kuozea pale inapokutana na hewa. Kama fundi hajafika, iache ndani ya pipa la maji masafi, hata kama mpita njia atakucheka. Fundi akifika atoe plagi, aigeuze maji yatoke, aioshe, amimine dizeli kwenye silinda, aizungushe kwa mkono taratibu. Ole wake atakaevuta kamba na plagi zikiwa zimefungwa, maji hayabonyei, atapinda konekting rodi na hapo umenunua chuma chakavu. Wallahi nilimkuta kijana kashashika kamba.

Mbao nazo zisikae juani. Kivuli, magunia mabichi juu yake, zikauke polepole. Zikikaukia jua la Septemba zinafunguka unapitisha kidole.

Ukaguzi, kabla ya rangi

Hii naomba uiandike ukutani. Mkaguzi wa TASAC anataka kuona mbao, mataruma (zile mbavu za ndani) na kalafati (pamba ya kuziba nyufa) kwa macho. Fundi wangu, mtu wa Ujiji, mkono mzuri mdomo mkubwa, akamaliza kukalafati na bila kuniuliza akapiga rangi ya bluu koti mbili eti nifurahi. Mkaguzi akaja, akaizunguka, akaigongagonga kwa kibisibisi, akasema baba boti imependeza, sasa kwangueni kuanzia mstari wa maji kushuka chini. Rangi mbili, msasa, vibarua, na miadi mpya ya mkaguzi, ambae sio kwamba anakaa anakusubiri wewe, ana mialo kuanzia huku mpaka kusini huko. Mwambie fundi aache wazi mpaka ukaguzi upite, na ikibidi ficha kopo.

Siku ya ukaguzi vifaa viwepo ndani ya boti, visiwe "viko nyumbani": maboya ya kuvaa kwa idadi ya watu utakaoombea, kizima moto, nanga na kamba, kasia, ndoo ya kukumbia, taa. Maboya ya kuazima wanayajua, yana majina ya boti zingine. Idadi ya abiria omba ya ukweli, ukiomba wengi utaambiwa maboya mengi.

Usajili wenyewe baada ya hapo ni mwepesi, unaingia na mkataba, Fomu Namba 4, TIN, ripoti ya ukaguzi, unapewa kontrol namba nyingine, na namba ya chombo unaichora ubavuni kwa herufi zinazosomeka. Sio mwandiko wa daladala.

Kama boti ni ya kuvulia badala ya abiria, ukitoka hapo unaenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri kwa leseni ya chombo na ya mvuvi, na angalia kalenda. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, na kipindi kama hicho kila mwenye boti anaitoa nje kuikarabati, fundi wa kalafati anakua adimu na bei anapanga yeye. Mkamate fundi mwezi wa nne, mpe kianzio, na aandike.